Je, wajua? Ukifungiwa Wikipedia ya Kiswahili, ya Kiingereza bado iko wazi kwako

Mtu anaingia kwenye makala ya Dodoma katika Wikipedia ya Kiswahili, anafuta aya ya zabibu na kubandika tangazo la mganga. Mkabidhi (ndivyo wasimamizi wa Wikipedia yetu wanavyoitwa) anamfungia. Punde si punde mtu huyohuyo, kwa jina lilelile, anahariri Wikipedia ya Kiingereza kwa raha zake. Wengi hudhani mitambo imekosea. Haijakosea.

Kinachochanganya ni akaunti. Tangu 2015 jina la mtumiaji ni moja kwa miradi yote ya Wikimedia: Wikipedia za lugha zaidi ya 300, kamusi, hazina ya picha na mingineyo. Kwa kuwa ukiingia mmoja umeingia yote, watu huona ni lazima ukifukuzwa mmoja uwe umefukuzwa yote. Lakini kufukuza ni uamuzi wa wanajumuiya, na kila mradi una wake. Mkabidhi wa Kiswahili hawezi kumgusa mtu kule kwenye Kiingereza. Wa Kiingereza naye, pamoja na makala zao zaidi ya milioni 7, hana ubavu huku kwetu.

Chukua minada ya mifugo ya hapa Dodoma. Dalali akinaswa Msalato na mbuzi wa wizi, atatimuliwa Msalato. Wiki hiyohiyo anaweza kuibukia mnada wa wilaya nyingine, maana waliomtimua hawana amri huko. Sifa zake zitamtangulia na atatazamwa kwa jicho la pembeni, ila mpaka aharibu hapo, wenyeji hawana kesi naye. Kumzuia kote kunataka ama mwenye mamlaka juu ya minada yote, ama wanaminada wenyewe wakae wakubaliane.

Wikimedia ina njia zote mbili. Wapo wasimamizi wakuu wanaopigiwa kura kila mwaka. Mgombea anahitaji kura za ndiyo zisizopungua 30 na kuungwa mkono kwa asilimia 80. Hao wanaweza kuifunga akaunti kabisa, mwenyewe asiweze hata kuingia. Njia ya pili ni mjadala wa wazi kwenye Meta, mradi wa kuratibu miradi mingine. Mtuhumiwa lazima awe tayari amefungiwa bila kikomo miradi miwili au zaidi, na kila mradi aliowahi kuhariri hupewa taarifa. Masharti ni magumu kwa makusudi: wapo waliofungiwa mahali pamoja kwa ugomvi wakaendelea kuchangia vizuri kwingine. Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha miradi hii, nayo hufungia watu moja kwa moja, na hapo jumuiya haina la kutengua.

Anwani za intaneti (IP), yaani namba zinazotambulisha muunganisho wa mtu mtandaoni, zina vituko vyake. Wasimamizi wakuu wakizuia anwani kote, mkabidhi wa mradi mmoja anaweza kulizima zuio hilo kwake. Akaunti iliyofungwa hawezi kuifungua. Tena kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyetaka tu kurekebisha tahajia kwenye makala ya Mpwapwa anaambiwa amezuiwa kwa makosa ya mtu asiyemjua. Mara nyingi kujiandikisha akaunti yako na kuingia nayo kunatosha. Kusipotosha, huombwa ruhusa maalumu ya kupita zuio, na ombi huenda kwa wasimamizi wakuu walewale walioizuia anwani.