"Mimi nilishamaliza shule": dhana potofu kuhusu maktaba za umma

Sisi wakutubi, watunzaji wa maktaba ya umma hapa Dodoma, tukitoka na vitabu kwenda kwa watu, iwe ni meza yetu kwenye viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni au kikao cha kikundi cha akina mama huko Chamwino, kuna sentensi haikosekani. Mtu anachukua kitabu, anakipindua huku na huku, anakirudisha mezani na kusema: "Mwanangu, mimi nilishamaliza shule. Ngoja nimlete mjukuu." Nimeisikia kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo, kwa mafundi cherehani wa Majengo, na hata kwa watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba wenye shahada. Wote wanatutakia heri, na wote wanakosea kwa namna ileile. Nimeona niijibu kwa maandishi, kisha niziguse na nyingine zinazofuatana nayo.

"Maktaba ya umma ni ya wanafunzi"

Haikuanzishwa hivyo. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huohuo sensa ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Ukaja 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini. Aliyejifunza kusoma ukubwani husahau upesi asipopata cha kusoma, ndiyo maana maktaba za vijiji zikafunguliwa sambamba na kisomo. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mkulima aliyerudi kutoka shambani jioni.

Basi kwa nini ukiingia leo unakuta sare tupu? Kwa sababu wanafunzi wana tarehe inayowasukuma. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei, kidato cha nne Novemba, na kadiri miezi hiyo inavyokaribia viti hujaa mara tu mlango unapofunguliwa. Wengi huja na madaftari yao wenyewe. Wanachotaka kwetu ni meza, mwanga na utulivu, vitu ambavyo vyumba vingi vya kupanga havina. Wanakaribishwa na wataendelea kukaribishwa. Ninayemsikitikia ni mtu mzima anayechungulia mlangoni, anaona mashati meupe, anadhani kaingia shule, anageuka.

Kugeuka kwake kuna gharama asiyoiona. Vitabu vipya huombwa kwa ushahidi, na ushahidi wetu ni takwimu za uazimaji na maswali yaliyoandikwa mapokezi. Rafu ya ufugaji isipoguswa mwaka mzima, mkutubi anayeomba vitabu vya ufugaji hana la kuonyesha, na fedha kidogo iliyopo huishia kwenye vitabu vya kiada. Mwaka unaofuata mkulima akichungulia tena atakuta vitabu vya wanafunzi vimeongezeka, naye atasema si nilisema. Katika kazi hii yote hakuna linaloniumiza kama hili, kwa sababu watu wanajifungia mlango kwa mkono wao wenyewe.

Nitaje maswali ya watu wazima ambayo rafu inayajibu.

Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Mama anayetaka kujua kama mahindi yaliyoota ukungu yatafaa akiyachemsha sana anahitaji jibu kabla hajabandika sufuria: hayafai, joto la jikoni haliimalizi sumu hiyo. Anahitaji kujua pia kwamba mahindi hayaanikwi juu ya udongo mtupu, yaanikwe kwenye turubai au kichanja, na yasiingie ghalani mpaka unyevu wake ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Haya yameandikwa kwa Kiswahili chepesi kwenye vijitabu vya kilimo na afya. Hakuna mtihani unaoyasubiri.

Mwingine kuku wake wanakufa mmoja baada ya mwingine na jirani kamwambia ni mkono wa mtu. Mara nyingi ni kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza. Chanjo yake iitwayo I-2 hutiwa tone moja jichoni kwa kuku aliye mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kuugua haimponyi. Mtu akishakisoma hicho, anakwenda kwa afisa mifugo wa kata akijua anaomba nini.

Wa tatu ana mgogoro wa shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na kifungu chake cha 20 kinaitangua mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mjane aliyekisoma kifungu hicho kwa macho yake haendi barazani kama mtu aliyesimuliwa.

Ushauri wangu kwa mtu mzima ni mmoja na nitaurudia mpaka nistaafu: njoo na swali. Usihangaike na jina la kitabu wala la mwandishi. Sema "nyuki wangu wanahama mzinga," au "nataka kuandika hesabu za duka," hiyo inatosha. Vitabu vyetu vimepangwa kwa mfumo wa Dewey, uliotoka mara ya kwanza 1876, na kila somo lina namba yake popote uendapo: kilimo kiko 630, zabibu 634.8, kuku 636.5, nyuki 638.1, uhasibu 657, malezi ya mtoto 649. Huna haja ya kuzikariri. Ukishapelekwa kwenye rafu yako mara moja, siku nyingine utakwenda mwenyewe. Swali likituzidi tunakuelekeza kwa wenye fani. La zabibu, kwa mfano, linakwenda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora, na kituo hicho hakiko mbali na mji.

Wenzetu barani wamelielewa hili na wamekwenda mbele. Kenya ilianza 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa, kuwafuata wafugaji wanaohama. Huko Tamale, kaskazini mwa Ghana, maktaba ya mkoa iliwatumia wajawazito ujumbe mfupi wa simu kuhusu afya yao na ya mtoto tumboni. Huduma zote mbili zilianza kwa wakutubi kujiuliza ni nani haji na kwa nini haji. Swali hilohilo ndilo linalotutoa sisi kwenda Nzuguni na Chamwino, na ndilo linalofanya nisivumilie kuambiwa "ngoja nimlete mjukuu." Mlete mjukuu, naam, lakini na wewe keti.

"Simu ina kila kitu"

Simu ni chombo kizuri na sisi wenyewe tunaitumia. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mzazi asiyejua njia ya kuvifikia tunamwonyesha. Ila ukitafuta dawa ya kuku kwenye simu, jibu la kwanza mara nyingi ni la anayeuza dawa, na ukitafuta kuhusu ardhi utapata sheria ya nchi nyingine bila kujua. Kazi ya mkutubi ni kukusaidia kuuliza: nani ameandika hiki, lini, kwa ajili ya nchi gani, na anapata nini ukimwamini. Mtu akijifunza maswali hayo manne atafaidi simu yake zaidi kuliko asiyekanyaga maktaba.

"Mkutubi anakaa tu, anasoma na kunyamazisha watu"

Laiti tungekuwa na muda huo wa kusoma. Ukutubi ni taaluma yenye chuo chake Bagamoyo. Kitabu kimoja kikiingia hugongwa muhuri, huainishwa, huorodheshwa na kubandikwa namba ndipo kipangwe rafuni, na kikikosewa namba kimepotea ingawa kiko ndani. Juu ya hayo kuna saa ya hadithi ya watoto, kuna walimu wanaotaka ushauri wa kuanzisha maktaba ya shule, kuna mwandishi anayetaka ISBN, yaani namba ya utambulisho, ya kitabu alichokichapisha mwenyewe, na wengi hushangaa wakisikia kwamba namba hiyo hutolewa na Bodi hiihii ya Maktaba. Kuhusu kunyamazisha: watu wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya kitabu, mimi siwagusi.

"Watoto wadogo wataharibu vitabu"

Watachana kurasa mbili tatu. Tutazibandika. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Kitabu cha watoto ambacho kimekaa miaka mitano kikiwa kipya ndicho kinachonipa wasiwasi. Mzazi, usisubiri mtoto ajue herufi. Mpakate, mwonyeshe picha, msimulie, na kama bibi yake anasimulia vizuri zaidi kwa Kigogo au Kirangi, asimulie kwa lugha hiyo huku mtoto akifungua kurasa. Anachojifunza umri huo ni kwamba kitabu ni kitu cha raha.

"Maktaba wanatupilia mbali vitabu, halafu wanakataa tunavyowaletea"

Malalamiko haya mawili huja pamoja na yana jibu moja. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikahamia dawa iitwayo SP, na 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Kitabu cha afya cha miaka ya 1980 kinachomwambia msomaji anywe klorokwini kikibaki rafuni kinaweza kumdhuru mtu, kwa hiyo kinaondolewa, hata kama jalada lake bado linang'aa. Ni vivyo hivyo kwa vitabu vya kiada vya mtaala uliopita, hasa baada ya utekelezaji wa mtaala mpya kuanza Januari 2024. Anayetuletea maboksi ya vitabu hivyo ana nia njema, lakini anatuachia kazi ya kuvichambua na mzigo wa kuvihifadhi. Tupigie kwanza, ututajie ulichonacho. Riwaya na mashairi ya Kiswahili hayachakai kwa namna hiyo, na hadithi za watoto hatujawahi kuwa nazo za kutosha.

"Asiyeona hana kazi maktaba"

Hii huisikia mara chache, ila inaposemwa husemwa kwa uhakika wa kutisha, na husemwa katika mkoa wenye shule ya wasioona ya Buigiri. Wahitimu wa shule kama hiyo wanasoma nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, vizuri, kisha wanarudi mitaani ambako hakuna cha kusoma. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, umeondoa kikwazo kikubwa cha hakimiliki: nchi zilizojiunga zinaruhusu kitabu kigeuzwe kuwa cha nukta nundu au cha sauti kwa ajili ya asiyeona bila kumwomba kila mwenye haki, na nakala hizo zinaweza kuvuka mipaka kati ya nchi hizo. Si kila maktaba ya mkoa ina rafu ya vitabu hivyo leo, na haitakuwa nayo kama hakuna aliyeomba. Kwa hiyo mwenye ndugu, mwanafunzi au jirani asiyeona aje naye mapokezi, aseme somo analolitaka na kama anataka nukta nundu au sauti, na ahakikishe ombi limeandikwa kwenye daftari kabla hajaondoka.