Je, wajua kwa nini ukimaliza gemu ndefu hutaki tena kuicheza?

Saa saba usiku, Kisauni, Mombasa. Feni inazunguka, nyumba nzima imelala, na kwenye skrini majina ya waliotengeneza gemu yanapanda moja baada ya jingine. Hadithi kuu ya Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018, huchukua takriban saa 50. Kwa saa mbili kila usiku baada ya Isha, hizo ni siku 25. Mchezaji ameweka pedi chini. Amefurahi, anajivunia, na papo hapo kuna kitu kifuani kimeshuka.

Kesho yake anaiwasha tena. Farasi yupo, mito ipo, kulungu wapo, hata nguo alizonunua bado zimo kwenye begi. Anazunguka dakika 10, kisha anazima.

Ukiuliza barazani utapata majibu mawili. Wazazi watasema ni uraibu. Vijana waliosoma mtandaoni watasema dopamini, kemikali ya ubongo, imekwisha. La pili linasikika la kitaalamu, ndiyo maana limewashika wengi, sisi tunaoandika haya tukiwemo kwa muda mrefu. Yote mawili hayasimami.

La uraibu halihitaji maneno mengi. Mraibu hukitaka kitu na akikikosa huumia. Huyu wetu kitu anacho: diski imo ndani ya mashine, pedi iko mezani, stima zipo. Asichonacho ni hamu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Linamzungumzia mtu anayeshindwa kujizuia, anayetupa mambo mengine kwa ajili ya gemu na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12. Kuzima mashine baada ya dakika 10 kwa kukosa la kufanya ni kinyume cha hayo.

Sasa dopamini. Hadithi husimuliwa hivi: ubongo una kemikali ya raha, gemu huifungulia kama mfereji, siku ya mwisho tangi limekauka, ndiyo unabaki mtupu. Ni picha inayoingia akilini upesi, hasa katika mji huu ambapo kila nyumba inajua tangi lililokauka. Kosa ni kwamba dopamini si raha, wala haikai kwenye tangi.

Tuanze na hilo la raha. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliwaharibia panya karibu dopamini yote ya sehemu za ubongo zinazohusika. Panya hao waliacha kula hata chakula kikiwa mbele ya pua, ikabidi walishwe kwa mrija. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari ulimini, walilamba midomo kama panya yeyote. Utamu waliusikia. Kilichotoweka ni ile nguvu ya kuinuka kuufuata. Kupenda kitu na kukitaka, kumbe, ni mambo mawili yanayopita njia mbili tofauti kichwani, ingawa kwa kawaida huandamana kiasi kwamba tunayaona kama kitu kimoja.

Halafu hilo la tangi. Katika miaka ya 1980 na 1990, Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za tumbili waliopewa tone la maji ya matunda baada ya ishara, kama vile taa. Mwanzoni seli zilichangamka maji yalipofika mdomoni. Tumbili walipoizoea ishara, mchangamko ulihama: seli zikawa zinachangamka ishara inapotokea, na maji yakija hazishtuki tena. Ishara ikitokea na maji yasije, zilipunguza kasi yake chini ya kawaida, wakati ule ule ambapo maji yangefika.

Huna haja ya tumbili kulielewa hili. Mtazame mtu aliyefunga, Ramadhani, pale Kibokoni. Siku ya kwanza, habari kubwa ni tende inapogusa ulimi. Ikifika siku ya 10, habari kubwa imehama: ni adhana ya Magharibi. Sauti ya kwanza tu na mate yanajaa. Tende yenyewe inakuja kutimiza ahadi. Sasa tuseme stima zimepotea na spika ya msikiti imenyamaza. Umekaa mkekani, sambusa ziko mbele yako, viazi karai vinatoa moshi, dakika uliyoitarajia inapita kimya. Kuna kitu kinashuka. Hakuna aliyekunyang'anya chakula. Kilichokosekana ni ishara.

Ndiyo maana mizani ni mfano bora kuliko tangi, ile mizani ya sahani mbili ya muuza duka. Sahani moja ina ulichotarajia, ya pili ina ulichopata. Vikilingana, mshale hausogei hata kama ni kilo 20 kwa 20. Ukipata zaidi ya ulivyotarajia unaegemea huku, ukipata pungufu unaegemea kule. Dopamini hufuata mshale, haifuati uzito. Kwa hivyo mtu aliyepata mengi sana kwenye gemu hana tangi tupu. Ana sahani ya matarajio iliyojaa baada ya siku 25 za kuzoea, na upande wa pili kesho yake hakuna kitu cha kuweka.

Hapa inafaa kupunguza mwendo, maana ushahidi wa moja kwa moja kwa wachezaji gemu ni mwembamba. Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa London ambapo wanaume walipigwa picha za ubongo wakicheza gemu ya kuendesha kifaru cha vita kwa malipo ya pesa, na dalili za dopamini kuongezeka zilionekana. Walikuwa wanaume 8. Nao walipimwa wakicheza, si asubuhi baada ya kumaliza. Kutoka kwa tumbili na tone lake la maji ya matunda hadi kijana wa Kisauni na farasi wa kwenye skrini ni safari ndefu. Tunaikubali kwa sababu mwelekeo unalingana, si kwa sababu kuna aliyeipima njia nzima.

Lakini iangalie kwa jicho hilo ramani ya gemu ya ulimwengu wazi, ile inayokuacha uzunguke utakako. Kila alama ni adhana. Katika Assassin's Creed ya 2007 unapanda mnara, unatazama pande zote, na ramani inajaa vitu vya kuendea. The Witcher 3 ya 2015 ilitapakaza alama za kuuliza hata baharini: visiwani Skellige nyingi ni mapipa ya magendo yanayoelea, inabidi uyafuate kwa mashua, na ndani mara nyingi mna vitu vya kuuza tu. Watu waliyafuata yote. Kilichokuwa ndani ya pipa hakikuwa na maana sana kwao. Raha ilikuwa kwenye ile alama ya kuuliza, nayo hufa unapoifikia.

Kuna deni pia. Mwaka 1927, akiwa Berlin, Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatizwa kuliko waliyoimaliza. Mwenye duka analijua: jina la mwenye deni halimtoki kichwani, akilipa linafutwa daftarini na akilini. Majaribio ya baadaye kuhusu kumbukumbu yameyumba, mengine yakikubali na mengine yakikataa. Kilichosimama vizuri zaidi ni alichokionyesha Maria Ovsiankina mwaka 1928: mtu aliyekatizwa kazi akipata nafasi huirudia, hata kama hakuna aliyemwambia. Gemu ndefu hukuweka katika hali hiyo wiki nzima nzima. Uko kazini, uko kwenye matatu ya Likoni, na kuna misheni imeachwa katikati inakuita. Usiku wa mwisho madeni yote hulipwa kwa mkupuo.

Linganisha na nyumba ya harusi siku ya tatu. Turubai limeshushwa, sufuria za kukodi zimerudishwa, shangazi wa Lamu amepanda basi. Ukumbi ni ule ule na hakuna kilichoibwa, lakini ukipita hapo kila kona inakwambia kwamba hakuna anayekusubiri. Kiswahili kina neno la hali hii, ukiwa, na linatosha.

Na furaha je? Ile ipo kwelikweli, haijafunikwa. Mwaka 2001 Jeff Larsen na wenzake waliwauliza wanafunzi wa Marekani siku ya mahafali na siku ya kuhama bweni, wakakuta wengi zaidi kuliko siku za kawaida wakisema wana furaha na huzuni kwa wakati mmoja. Kumaliza gemu ni mahafali na kuhama bweni usiku mmoja, bila joho.

Watengenezaji wanalijua tatizo, na tiba zao ni za kuchekesha. Fallout 3, mwaka 2008, ilikatika kabisa misheni ya mwisho ikiisha. Wachezaji walilalamika hadi nyongeza ya Mei 2009, Broken Steel, ikawaruhusu kuendelea. Breath of the Wild ya 2017 hufanya kama hukumaliza: ukimshinda adui wa mwisho, gemu hukurudisha ulipokuwa kabla ya pambano. Pia ilificha mbegu 900 za Korok, viumbe wadogo wa msituni. Zinazohitajika kupanua mabegi yako yote ni 441. Atakayekusanya zote 900 hupewa kitu cha dhahabu chenye umbo la mavi. Hatutanii. Ni njia ya heshima ya kumwambia mchezaji kwamba hakuna kitu upande wa pili wa mshale.

Red Dead Redemption 2 ndiyo iliyofanya kazi ya uangalifu zaidi, na ambaye hajafika huko aruke aya hii. Baada ya kilele, gemu haikufungii mlango usoni. Inakupa mhusika mwingine na hitimisho la sehemu mbili ambamo unazoa samadi, unakamua ng'ombe, na baadaye unajenga nyumba kwa misumari na nyundo. Wengi waliona inachosha. Ukiwaza mizani, kuchosha ndiyo kazi yake: inapunguza sahani ya matarajio taratibu badala ya kuipindua.

Mchezaji anaweza kujifanyia hilo mwenyewe. Kosa la kawaida ni kuziacha kazi zote ndogo kwa ajili ya baada ya mwisho, kama mtu anayeweka nyama pembeni ya sahani. Kazi za kukusanya, maua 20 au ngozi 10, hazina uhai hadithi ikishaisha. Zifanye kabla au ziache kabisa. Za kubakiza ni zile zenye kisa chake, zenye watu na mwanzo na mwisho. Angalia pia mahali pasiporudika: The Witcher 3 hukuonya kabla ya safari ya Kisiwa cha Ukungu, na kazi kadhaa usizomaliza hapo zinahesabika zimefeli.

Kabla ya misheni ya mwisho, sevu, yaani hifadhi ulipofikia, kwa mkono katika nafasi mpya, usifunike ya zamani. Kwenye PS4 unaweza kunakili sevu kwenye flashi: ingia mipangilio, nenda kwenye data zilizohifadhiwa za programu, chagua zilizo ndani ya mashine, kisha nakili kwenda USB. Flashi iwe ya mfumo wa exFAT au FAT32. Ikiwa ni NTFS, kama diski nyingi za kompyuta, mashine haitaiona. PS5 hairuhusu jambo hilo kwa gemu zake yenyewe. Huko ni kupakia mtandaoni kwa usajili wa kulipia. Anayecheza kwenye banda awe macho zaidi: mwenye banda akifuta jina la mtumiaji kwenye mashine, sevu zake zote hufutika pamoja nalo, na iliyonakiliwa hufunguka kwa akaunti ile ile tu.

Usianze gemu nyingine ya saa 50 usiku unaofuata. Saa zake mbili za kwanza ni za kufundishwa jinsi ya kutembea, nawe utazipima dhidi ya saa ya mwisho ya ile uliyomaliza. Hapo ndipo gemu nzuri nyingi hutupwa bila kosa lao. Wiki moja ya mechi za dakika 12 na jirani hutosha kuiteremsha sahani.

Na diski ngumu ikijaa, maana Red Dead peke yake hula zaidi ya GB 100 kwenye mashine ya GB 500, ifute. Kwenye PS4 kufuta gemu hakufuti sevu. Inabaki, uzito wake ni MB chache, na farasi humo amesimama pale pale ulipomfunga.