Si uzito unaozamisha mashine
Ukiwa na kazi ya kuchimba kwenye mbuga (mabonde ya udongo mweusi) za Tabora wakati wa mvua, utaambiwa: "Leta kijiko cha matairi, ekskaveta ni nzito, itazama." Kijiko ni mashine ya kuchimba inayotembea kwa matairi; ekskaveta hutembea kwa minyororo mipana ya chuma. Ni kinyume. Kinachozamisha si tani, ni eneo ambalo tani hizo zimekalia.

Ekskaveta ya tani 20 yenye minyororo ya upana wa sentimita 60 hukanyaga takriban mita 4 za mraba, yaani karibu nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Kijiko cha tani 8 kinasimama kwenye matairi manne tu. Hapo mgandamizo hufika kilo 2 au zaidi. Udongo mweusi ukishajaza kashata (meno ya tairi), tairi linakuwa kipara na kuzunguka palepale huku likijichimbia shimo.

Minyororo nayo ina yake. Usiigeuze mashine papo hapo topeni: tope na mawe hujisokota kwenye gia ya mnyororo, mnyororo ukachomoka. Geuza kidogokidogo huku ukitembea. Tena ekskaveta haipelekwi kwa kutembea barabarani, italipiwa lobedi (trela la kubebea mashine) kwenda na kurudi. Kwa mitaro ya mita 1 kwenye viwanja vilivyotawanyika mjini, ardhi ikiwa kavu, chukua kijiko cha matairi.