PUB ya ZeroMQ inatupa meseji hata kama chini kuna TCP

Wengi wanasema ukitumia ZeroMQ (maktaba ya kutumiana meseji kati ya programu) juu ya TCP (njia ya mtandao inayotuma tena data ikipotea njiani) basi meseji haipotei, si kweli jamani. Soketi ya PUB (ya kutangaza meseji kwa wasomaji wengi), foleni ya msomaji mmoja ikijaa (kawaida limiti ni meseji 1000) inazitupa zinazofuata kimyakimya, hakuna erori wala nini, na SUB (soketi ya msomaji) ikichelewa kuunganika zile za mwanzo haizioni kabisa. Kwa oda za malipo hiyo ni hatari sana! PUSH (soketi ya kugawa kazi) afadhali, foleni ikijaa inasubiri, ila PULL (inayopokea toka PUSH) ikizimika na meseji mkononi ndo imeenda hiyo. Mi napendekeza DEALER na ROUTER (soketi zinazotuma na kupokea pande zote mbili), kila meseji na namba yake, mpokeaji akimaliza kazi anarudisha namba ileile, jibu lisipokuja unatuma tena, na yeye atunze namba alizoshamaliza asije akalipa mara mbili.