Presha ni nini, na chumvi iliyopikwa inaingiaje

Mtu akipewa habari mbaya ghafla husema, "Umenipandisha presha." Kodi ya nyumba imechelewa, presha. Mtoto kafeli, presha. Tumelitumia neno hili kwa hasira na mashaka hadi wengi wakaamini kwamba mtu mpole, asiyegombana na yeyote, hawezi kuugua presha. Ndiyo maana wapole hao hupigwa na butwaa wanaposomewa 160 kwa 100 kliniki, siku waliyokwenda kwa ajili ya mafua tu.

Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa wakati moyo unaisambaza mwilini. Hupimwa kwa milimita za zebaki, kwa kuwa vipimo vya zamani vilikuwa na bomba la zebaki, na pale zebaki ilipofikia ndipo jibu liliposomwa. Namba ya juu ni nguvu ya wakati moyo unapobana. Ya chini ni ile inayobaki moyo unapolegea kabla ya kubana tena. Kliniki nyingi humhesabu mtu kuwa na presha ya kupanda namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, na isomeke hivyo kwa siku zaidi ya moja.

Hasira hupandisha namba hizo, ni kweli. Hata kupanda ngazi na kubana mkojo huzipandisha. Lakini hushuka zenyewe baada ya muda. Ugonjwa ni pale zinapobaki juu hata mtu akiwa ametulia kwenye kiti, na mara nyingi hauumi popote. Mtu analala, anaamka, anakwenda kazini, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinachakaa. Wengine huja kujua siku ya kiharusi.

Umri na urithi vina sehemu yake. Ila kuna utafiti mmoja wa hapa kwetu ambao kila nikiukumbuka hunirudisha jikoni. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ndani ya miezi michache tu, presha za waliohamia mjini zilikuwa juu kuliko za waliobaki. Damu ni ileile, asili ni ileile. Kilichokuwa tofauti ni uzito wao, mapigo ya moyo, na mkojo: sodiamu ilikuwa imezidi ikilinganishwa na potasiamu.

Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayotuhusu hapa. Ikizidi mwilini huvuta maji na kuyazuia, damu inaongezeka ujazo ndani ya mishipa ileile, na kuta zinasukumwa zaidi. Potasiamu hufanya kinyume chake: huzisaidia figo kuitoa sodiamu kwenye mkojo na huilegeza mishipa. Imo kwenye mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu, maparachichi, madafu. Mwenye ugonjwa wa figo asiviongeze hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu nayo.

Sasa tuje kwenye ushauri unaosikika kila nyumba: "Usile chumvi mbichi." Maana yake usinyunyize mezani. Ni ushauri mwema, lakini umezaa imani mbaya kwamba chumvi ikishaiva haina madhara. Moto hauiondoi sodiamu. Kijiko kilichochemka na maharage kinakufikia kilekile, tofauti ni kwamba hukukiona. Nimeona kikopo cha chumvi kikiondolewa mezani kwa ajili ya baba mgonjwa, na mchuzi ukabaki vilevile, na kila mtu akaamini kazi imekwisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ipime kwa pakiti. Nyumba ya watu wazima watano, kwa kiwango hicho, ingetumia gramu 25 kwa siku, na pakiti ya nusu kilo ingefika siku 20. Ikiisha kwa wiki moja, jibu unalo. Na hapo hatujahesabu mkate, soseji, achari, vidonge vya mchuzi, wala papa mkavu, ambaye hata akilowekwa usiku kucha na kubadilishiwa maji bado huwa na chumvi yake.

Magadi tunayotia kwenye maharage na mboga za majani ili zilainike haraka nayo ni sodiamu, ingawa ulimi hauisikii kama chumvi. Mwenye presha ayaache. Maharage yakilowekwa usiku yataiva bila hayo.

Kupunguza chumvi kunawezekana pole pole. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na ndimu, ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu huujaza mchuzi pale chumvi ilipopungua. Kutembea kwa kasi nusu saa siku tano kwa wiki husaidia, kupunguza uzito pia, na kupunguza pombe. Sigara huiharibu mishipa ambayo tayari inaelemewa.

Kuna jambo jingine dogo linalosahaulika: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua duka la dawa kila mgongo ukiuma, zinaweza kupandisha presha na kuzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha. Mtajie daktari dawa zote unazomeza. Na wewe uliyepewa vidonge vya presha, namba nzuri unayoiona inatokana na vidonge hivyo, kwa hiyo usiviache kwa sababu tu unajisikia mzima.

Ukienda kupima, kaa kwanza dakika tano. Egemea, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa au zaidi. Mkanda ukijaa upepo usiongee, na ukimaliza omba uandikiwe namba zote mbili.