Je, wajua kwa nini mama yake Dumbo anatamka jina tu filamu nzima?

Ukipata nafasi, hesabu mwenyewe. Katuni ya Dumbo, ya mtoto wa tembo wa sarakasi mwenye masikio makubwa kupita kiasi, ina dakika 64, ilitoka Oktoba 1941, na ndani yake karibu kila kiumbe ana la kusema: panya, kunguru, korongo, wachekeshaji wa sarakasi, mpaka treni nayo ina namna yake ya kuongea. Mama mtu, ambaye bila yeye hakuna hadithi, anafumbua kinywa mara moja. Korongo, ambaye katika hadithi za Kizungu ndiye huleta watoto wachanga, amemfikishia mwanawe ndani ya behewa, anamwimbia mtoto wimbo wa kuzaliwa, na katikati ya wimbo anauliza anaitwa nani. Mama, yaani Bi Jumbo, anajibu: Jumbo Junior, yaani Jumbo mdogo. Basi. Kuanzia hapo hadi mwisho humsikii tena akitamka neno.

Si kwamba Disney walikosa mtu wa kumpa sauti. Aliyetamka jina lile ni Verna Felton, mwigizaji aliyebobea kwenye redio. Na kinachofurahisha ni hiki: huyohuyo Verna Felton ndiye sauti ya tembo mkubwa wa kundi, yule bibi mwenye majivuno anayeongoza umbea wote dhidi ya mtoto. Koo moja, tembo wawili. Mmoja anapewa maneno tele ya kusengenya, mwingine anapewa jina la mwanawe tu. Mimi hapo siioni bahati mbaya. Kati ya tembo wa filamu hii, wenye maneno ni wale wanaoumiza. Ni wao wanaombatiza mtoto jina la Dumbo, wakilipindua lile la Jumbo likae karibu na neno la Kiingereza la mpumbavu. Mama hajibizani nao. Anamvuta mwanawe upande wake na kuwafungia mlango.

(Kuhusu hilo jina la Jumbo: wapo wanaolihusisha na "jambo" au "jumbe" letu. Jumbo halisi alikuwa tembo dume aliyekamatwa akiwa mdogo katika maeneo ya Sudan na Eritrea, mbali kabisa na pwani ya Waswahili. Akapelekwa Paris, akahamishiwa London mwaka 1865, akauzwa Marekani kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi, mwaka 1882, na mwaka 1885 akagongwa na treni huko Ontario, Kanada. Jina lake ndilo lililogeuka kuwa neno la Kiingereza la kitu kikubwa mno, na ndilo alilorithi mama yetu huyu wa katuni.)

Sababu nyingine iko kwenye kalamu ya mchoraji. Hadithi yenyewe ilitungwa na Helen Aberson na Harold Pearl, fupi mno, iliyokusudiwa kutoka kwenye kijisanduku chenye picha za kuviringisha. Disney nao walitaka filamu ya gharama nafuu. Pinocchio na Fantasia za mwaka 1940 zilikuwa zimekula fedha nyingi bila kuzirudisha, kwani vita ilishafunga soko la Ulaya. Kwa hiyo Dumbo ilichorwa kwa mandhari ya rangi ya maji, watu wachache, maneno machache. Kazi ya kumchora mtoto ilimwangukia Bill Tytla, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amechora lile jitu jeusi la mlimani katika Fantasia. Safari hii alimtazama mwanawe mdogo nyumbani na kuhamishia miondoko yake kwa mtoto wa tembo. Dumbo mwenyewe hasemi hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishamfanya mtoto bubu, mama mwenye maneno mengi angekuwa kama anaongea peke yake. Wakaachwa wote wawili wazungumze kwa mkonga.

Na mkonga unasema. Tazama kisa cha watoto watundu waliokuja kuwacheka wanyama. Mmoja anamshika Dumbo na kumvuta masikio. Bi Jumbo anamzuia kwanza, akamficha mwanawe nyuma ya miguu. Mtoto yule anarudia. Hapo ndipo mkonga unapomshukia makalioni, viboko ambavyo mama yeyote wa mtaani kwetu angeviona vya haki. Lakini sarakasi haioni hivyo. Wanakuja watu na kamba, anakuja bwana wa sarakasi na mjeledi, anaishia kuzamishwa kwenye pipa la maji, na mama anafungwa minyororo ndani ya behewa lililobandikwa tangazo la kuonya kwamba humo mna tembo kichaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, ila sarakasi hii ina neno lake la huo uchungu.

Neno hilo halikuwa la kubuni. Sarakasi za Marekani zilikuwa na historia ya tembo waliotangazwa wabaya. Topsy, tembo jike, alimuua mtazamaji mwaka 1902. Mwaka uliofuata akauawa kwa umeme huko Coney Island, New York. Mary alinyongwa kwa winchi ya reli huko Tennessee mwaka 1916. Watazamaji wazima wa mwaka 1941 walijua tangazo la namna ile linaweza kuishia wapi. Watoto hawakujua, na hawakuhitaji kujua.

Halafu kuna usiku ule. Panya Timothy anampeleka Dumbo kwenye behewa la mama yake. Dirisha lina nondo na liko juu. Mnyororo wa miguuni haumruhusu mama kusogea hadi dirishani, kwa hiyo kinachotoka nje ni mkonga tu, unapapasa hewani kama mkono wa mtu anayetafuta kiberiti gizani. Unagusa mkonga mdogo. Unapanda, unafika usoni, unapita juu ya yale masikio, na Dumbo anaanza kudondosha machozi mazito. Kisha mkonga unajikunja, mtoto anapanda, unakuwa bembea. Hawaonani uso kwa uso. Wimbo wa kumbembeleza unasikika, lakini hautoki kinywani mwa mama: ni sauti ya Betty Noyes, inayoimba kutoka nje ya picha, muziki wa Frank Churchill na maneno ya Ned Washington. Wangeweza kumpa Bi Jumbo auimbe mwenyewe, rahisi sana. Wakamnyima hata huo. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika filamu hii, kwa sababu mama aliyefungwa akianza kuimba tungemsikiliza yeye. Akinyamaza, tunaangalia ule mkonga.

Sasa, je, mama tembo wa kweli yuko hivyo? Kwa mguso, ndiyo kabisa. Hubeba mimba karibu miezi 22, na ndama anapozaliwa na kilo zake kama 100 hivi, mkonga wake mwenyewe haujui kuutumia. Huning'inia tu, na wakati mwingine huukanyaga. Hunyonya kwa mdomo, chuchu zikiwa kifuani katikati ya miguu ya mbele ya mama. Mkonga wa mama haumwachi: humsukuma, humsimamisha, humpapasa. Kundi la kina Bi Jumbo ndilo lililokosewa. Huko Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss alianza kufuatilia familia za tembo mwaka 1972, majike wengine, hasa wale wasichana ambao hawajazaa, hukimbilia ndama akilia na kumzunguka pande zote. Mashangazi wa kumsema vibaya mtoto mchanga ni mambo yetu binadamu. Tena kwa masikio yale, Amboseli nani angemshangaa? Huko kila tembo ana masikio makubwa, hujipepea nayo kupunguza joto.

Kwa ukimya, hapana. Mwaka 1984 Katy Payne, mtafiti wa sauti za wanyama, alikaa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon, akahisi hewa inatikisika kifuani bila kusikia kitu. Rekodi zilipoharakishwa, sauti zikatokea: tembo walikuwa wakizungumza kwa ngurumo za chini mno, ambazo sehemu yake sikio letu haliwezi kuzinasa, na zinazosafiri kilomita kadhaa. Wachoraji wa mwaka 1941 hawakuwa na habari hiyo.

Hawakuwa na habari ya hili pia. Mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walichapisha uchambuzi wa ngurumo 469 zilizorekodiwa Amboseli na Samburu kwa miaka mingi. Kompyuta iliweza kumtaja tembo aliyekuwa akiitwa katika asilimia 27.5 ya ngurumo hizo, zaidi ya kubahatisha. Kisha wakawachezea tembo 17 rekodi za miito. Tembo aliposikia mwito ambao awali ulielekezwa kwake, aliitika au kuifuata spika upesi zaidi kuliko aliposikia mwito wa mwingine. Ngurumo zenye dalili hiyo, ya kumwita mwenzao kama kwa jina, zilijitokeza zaidi pale tembo walipoitana kwa mbali, na pale majike wazima walipokuwa wakiwahudumia ndama.

Korongo aliuliza mtoto anaitwa nani, na mama akasema.