Alama za sauti kwenye nota: p si kuvuta wimbo, f si kelele

"Ukiona p, punguza mwendo." Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi katika kwaya, na hapa Malindi ina sababu yake. Waitaliano wamejaa mjini, na kijana anayeuza vinyago ufukweni ameshazoea kusikia "piano piano" kwa maana ya polepole. Alama za muziki nazo ni za Kiitaliano. Lakini kwenye nota, p ni kifupi cha piano, nayo inahusu kiasi cha sauti tu: shusha sauti, mapigo yabaki vilevile. Mwendo una maneno yake, kama adagio (polepole) na allegro (haraka). Wala kuimba chini si kupumzika. Pumzi ikilegea, noti nayo huteremka.

"F ni kila mtu atoe sauti yote aliyo nayo." Hapana. F ni forte, yaani sauti kubwa. Ngazi hizi, kutoka chini kwenda juu, pp, p, mp, mf, f, ff (m ni kiasi, herufi ikirudiwa ni kuzidi), hazina kipimo cha desibeli. Kila moja hupimwa kwa jirani yake. F ya waimbaji wanane kwenye kanisa la mabati si f ya kwaya mia moja uwanjani. Hata ala hazilingani: filimbi na tarumbeta zikiandikiwa f, filimbi humezwa, hivyo mwongozaji humshusha mwenye tarumbeta. Na kama ff inakungoja ukurasa wa tatu, ukimaliza nguvu kwenye f ya ukurasa wa kwanza utaenda wapi? Mtunzi Mrusi Tchaikovsky, katika simfonia yake ya 6 ya mwaka 1893, alimwandikia mpiga basuni (ala ya kupuliza yenye sauti nene) p sita mfululizo. Ni vigumu basuni kushuka hivyo, na waongozaji wengi humpa mpiga klarineti ya besi sehemu hiyo.

"Kreshendo ni mlipuko." Ni safari ya sauti kupanda kidogo kidogo. Unapoona neno lenyewe ndipo unapoanzia, mara nyingi ukiwa chini bado. Ukilipuka hapo hapo, umeifuta.

"Kila alama ni amri ya mtunzi." Inategemea. Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, aliandika chache sana, na matoleo mengi ya nyimbo za zamani yana alama zilizoongezwa na wahariri. Hizo mwalimu ana haki ya kuzibadilisha.

Kwa wanaosoma solfa (nota za herufi: d, r, m, f), tahadhari moja: f iliyo ndani ya mstari ni fa. Ile ya ukubwa wa sauti kwa kawaida hukaa juu ya mstari, kwa herufi za mlazo.